Daktari wa Shaba Katika Bustani ya London

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu sanamu. Usiseme, "Ah, sanamu ya Ulaya inanihusu nini mimi mkulima?" Subiri kidogo. Sanamu hii ni ya mtu ambaye kazi yake imefika mpaka mkononi mwako, au mkononi mwa baba yako na mama yako. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litafute mwisho wa somo, tumelieleza. Mkisoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa macho.

Sanamu ni nini?

Sanamu ni mfano wa mtu, mnyama au kitu, uliotengenezwa kwa mti, jiwe, udongo au madini. Wamakonde ni mafundi hodari wa kuchonga sanamu za mpingo. Wale waliofika Dar es Salaam wameiona Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, imeshika bunduki yenye singe. Ile iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Miji mingi duniani ina sanamu za namna hiyo. Ukizihesabu utaona kwamba nyingi ni za wafalme, majemadari na wapiganaji. Wengi wamepanda farasi au wameshika upanga. Lakini katika mji wa London, nchini Uingereza, kuna bustani kubwa ya watu wote iitwayo Kensington Gardens. Upande wa kaskazini wa bustani hiyo, karibu na mabwawa ya maji yanayorushwa juu, kuna sanamu ya mtu asiye na upanga wala farasi. Amekaa kitini tu, kichwa amekiegemeza mkononi, kama mtu anayewaza jambo zito. Mtu huyo ni daktari Edward Jenner. Fundi aliyemtengeneza aliitwa William Calder Marshall.

Sanamu ya bronzi hutengenezwaje?

Sanamu hiyo ni ya bronzi. Bronzi ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Kwa kawaida katika sehemu 10, sehemu 9 ni shaba na 1 ni bati. Hapa tusichanganye mambo: bati tunalosema si yale mabati ya kuezekea nyumba. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa madini mengine. Bati lenyewe ni madini laini na meupe. Shaba peke yake ni laini, na bati peke yake ni laini. Lakini zikichanganywa zinakuwa ngumu. Basi hapo pana ajabu yake: vitu viwili laini vinazaa kimoja kigumu.

Fundi hachongi bronzi kwa patasi kama anavyochonga mti. Njia moja ya zamani inafanyika hivi. Kwanza anafinyanga mfano wa mtu kwa udongo. Halafu anatengeneza kalibu ya kuuzunguka mfano huo. Ndani ya kalibu anapaka nta, unene kama wa kidole, na katikati anajaza udongo. Kisha anaichoma moto. Nta inayeyuka na kutoka, inaacha nafasi tupu. Hapo sasa bronzi iliyoyeyuka, nyekundu kama kaa la moto, inamiminwa ndani ya nafasi ile. Ikipoa, kalibu inavunjwa, na mtu wa bronzi anatokea. Ndani yake ni wazi, kama chungu. Sanamu kubwa hutengenezwa vipande vipande, halafu vinaunganishwa.

Bronzi haili kutu kama jembe. Ikipigwa na mvua miaka mingi hupata rangi ya kijani au nyeusi, na rangi hiyo huwa kama koti la kuilinda. Ndiyo maana sanamu ya mwaka 1858 bado imesimama hadi leo.

Sasa tuulize: mtu huyu alifanya nini hata akawekewa sanamu ya gharama namna hiyo?

Ugonjwa uitwao ndui

Wazee wetu wanaijua ndui. Vijana wameisikia kwa jina tu. Wengine wanaichanganya na tetekuwanga, lakini hazilingani hata kidogo. Ndui ilianza kwa homa kali, kichwa na mgongo kuuma. Siku chache baadaye mwili ulijaa upele, usoni, mikononi, miguuni. Upele ulijaa usaha. Katika kila wagonjwa 10 wa ndui ile kali, karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni maisha yao yote, na wengine walipofuka macho. Dawa ya kuitibu haikuwepo.

Ndui haikuchagua tajiri wala maskini. Iliua wafalme katika majumba yao na watoto katika vibanda. Wataalamu wanakadiria kwamba katika karne ya 20 peke yake, yaani kuanzia mwaka 1901, iliua watu wapatao milioni 300.

Watu wa kale walijua jambo

Watu wa zamani waliona jambo moja: mtu akiugua ndui akapona, haugui tena. Basi katika Asia, Uturuki na sehemu mbalimbali za Afrika, watu walibuni njia. Walichukua usaha kidogo kwa mgonjwa wa ndui isiyo kali, wakamchanja mtu mzima wa afya kwa chale ndogo. Mtu yule aliugua kidogo, akapona, akawa amekingwa.

Kuna habari moja ambayo tungependa msomaji aijue. Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwepo mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus. Alimweleza bwana wake, mhubiri Cotton Mather, kwamba kwao Afrika alichanjwa hivyo na kwamba ndui haikumpata. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Daktari mmoja, Zabdiel Boylston, akaijaribu njia ile. Wenyeji wengi walikasirika. Lakini kati ya watu wapatao 240 aliowachanja walikufa 6. Katika wale waliougua ndui bila kuchanjwa, walikufa kiasi cha 14 katika kila 100. Kumbe maarifa ya mtumwa yaliokoa watu wa mji.

Uingereza nayo iliipata njia hiyo wakati uleule, kutoka Uturuki. Ila njia hii ilikuwa na hatari mbili. Ya kwanza, aliyechanjwa alipata ndui ya kweli, na wachache walikufa. Ya pili, aliweza kuwaambukiza majirani. Edward Jenner mwenyewe alichanjwa hivyo alipokuwa na miaka 8.

Wakamuaji wa maziwa

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei, 1749, katika kijiji cha Berkeley. Alifiwa na wazazi akiwa na miaka 5. Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa daktari mpasuaji, halafu akaenda London kusoma zaidi kwa mwalimu wake, John Hunter. Angeweza kubaki mjini. Lakini alirudi kijijini kwao, akawa daktari wa wakulima na wafugaji.

Alikuwa mtu wa kuangalia mambo kwa makini. Aliandika hata habari za ndege aitwaye kekeo wa Ulaya, jinsi kinda lake linavyosukuma mayai ya mwenye kiota nje ili libaki peke yake.

Wafugaji wa sehemu zile walikuwa na msemo wao. Walisema kwamba msichana mkamuaji aliyewahi kuambukizwa ndui ya ng'ombe hapati ndui ya watu. Ndui ya ng'ombe ni ugonjwa mdogo. Hutoa malengelenge kwenye chuchu za ng'ombe, na mkamuaji anayapata mikononi. Baada ya siku chache anapona. Madaktari wengi waliyaona maneno hayo kuwa ya watu wasiosoma tu. Jenner hakuyadharau. Aliwauliza watu, akaandika majina, miaka na yaliyowapata.

Tuseme kweli: Jenner hakuwa wa kwanza kufanya jaribio. Mwaka 1774, mkulima aitwaye Benjamin Jesty aliogopa ndui iliyokuwa imeingia kijijini. Akachukua usaha wa ndui ya ng'ombe, akamchanja mkewe na watoto wake wawili kwa sindano ya kufumia. Wakapona, na ndui haikuwapata. Majirani walimcheka na kumtukana. Mkulima huyu alikuwa na akili na ushujaa, lakini hakuchapisha habari zake, hivyo maarifa yake hayakutoka nje ya kijiji. Jenner alijaribu, akaandika, akachapisha. Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima, tofauti hiyo unaielewa vizuri kuliko wengi.

Siku ya tarehe 14 Mei, 1796

Siku hiyo alikuja msichana mkamuaji, Sarah Nelmes, ana malengelenge mkononi. Aliyapata kwa ng'ombe aitwaye Blossom. Jenner akachukua majimaji ya lengelenge lile. Akamwita mtoto James Phipps, mwenye miaka 8, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa bustani kwa Jenner. Akamchanja mkononi chale mbili ndogo.

Mtoto alipata homa kidogo, akakosa hamu ya kula siku moja, halafu akawa mzima. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, Jenner alimchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui ya kweli. Wakangoja. Ndui haikutokea.

Wataalamu wakubwa wa London walipoletewa habari hiyo hawakuipokea. Walisema ushahidi hautoshi. Jenner hakususa. Alirudi kijijini, akaongeza majaribio, na mwaka 1798 akachapisha kitabu kidogo kwa fedha zake. Chanjo ikapata jina lake la Kizungu kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Na hata leo, katika chuo kimoja cha udaktari cha London, kuna ngozi ya ng'ombe imetundikwa, na inasemekana ndiyo ya Blossom.

Je, ilikuwa haki?

Hapa tusipite haraka. Jenner alimtia mtoto wa kibarua wake usaha wa ugonjwa unaoua. Je, baba yake angeweza kukataa, hali anakula kwa mwajiri huyohuyo? Mtoto wa miaka 8 alielewa nini? Ingekuwaje kama angekufa?

Wengine hujibu: wakati ule kuchanjwa kwa usaha wa ndui kulikuwa jambo la kawaida, na Phipps angechanjwa hivyo siku moja. Wengine husema: hata hivyo, mtoto wa maskini ndiye aliyejaribiwa. Leo sheria na taratibu za udaktari haziruhusu jambo kama lile. Dawa mpya hupimwa kwanza maabara, halafu kwa watu wazima waliokubali wenyewe kwa hiari baada ya kuelezwa hatari, na kwa watoto ni baadaye sana, tena kwa idhini ya wazazi.

Jenner hakumsahau kijana huyo. Alimpa nyumba ya kuishi bila kulipa kodi. Na Jenner alipofariki mwaka 1823, James Phipps alikuwepo kwenye maziko. Lakini yeye hana sanamu katika bustani ya Kensington, wala Sarah Nelmes hana. Mnaonaje katika kikundi chenu? Jadilianeni.

Chanjo yasafiri bila barafu

Leo mwuguzi akija kijijini na chanjo, anazibeba ndani ya sanduku la baridi. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za baridi. Zikipata joto zinaharibika. Sasa wakati wa Jenner wapi barafu, wapi sanduku?

Waspania walipata njia. Mwaka 1803 meli yao iliondoka kwenda Amerika ikiwa na daktari Francisco Javier de Balmis na watoto yatima 22. Watoto wawili walichanjwa kwanza. Malengelenge yao yalipoiva, majimaji yalichukuliwa na kuchanjwa wengine wawili. Hivyo hivyo, mkono kwa mkono, mpaka wakavuka bahari na chanjo ingali hai. Watoto walilelewa njiani na mama mmoja, Isabel Zendal. Watu wengi wakaokoka. Lakini hapa pia, waliobeba mzigo walikuwa watoto wasio na wazazi wa kuwasemea.

Huko Uingereza Bunge lilimpa Jenner pauni 10,000 mwaka 1802, na pauni 20,000 nyingine mwaka 1807. Nyumbani kwake alikuwa na kibanda bustanini ambamo aliwachanja maskini bure.

Ati utaota pembe!

Msidhani kila mtu alifurahi. Uvumi ulianza mara moja. Ati ukichanjwa kitu cha ng'ombe, utaota pembe! Ati mtoto atalia kama ndama! Mwaka 1802 mchoraji wa vichekesho, James Gillray, alichora picha ya watu wanachanjwa huku ng'ombe wadogo wanachomoza usoni na mikononi mwao. Picha hiyo ilichekesha wengi na kuwatisha wengi.

Mwaka 1853 serikali ya Uingereza ilitunga sheria kwamba kila mtoto mchanga achanjwe, na mzazi asiyetii atozwe faini. Hapo ugomvi ukazidi. Wengine walikataa kwa sababu ya uvumi, wengine kwa sababu hawakupenda kulazimishwa. Tena chanjo ya siku zile haikuwa safi kama ya leo, kwa hiyo hofu ya wazazi haikuwa bure yote. Maandamano makubwa yalifanyika katika mji wa Leicester mwaka 1885, na mwaka 1898 sheria ililegezwa.

Tunajifunza nini? Kwamba mtu mwenye hofu hatulizwi kwa faini peke yake wala kwa kuchekwa. Anataka aelezwe, aulize, ajibiwe.

Sanamu yahamishwa

Sasa turudi kwa daktari wetu wa shaba. Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 17 Mei, 1858, siku ya kuzaliwa kwake. Fedha zilichangwa na watu wa nchi mbalimbali, hata kutoka Marekani. Aliyeizindua alikuwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria.

Lakini haikuwekwa bustanini kwanza. Iliwekwa Trafalgar Square, uwanja maarufu wa London wenye mnara wa Nelson, jemadari wa majini aliyekufa vitani mwaka 1805. Karibu yake palikuwa na sanamu ya Jenerali Napier, aliyepigana India. Watu wa jeshi na baadhi ya wakubwa wakanung'unika: daktari wa ng'ombe anakaa vipi katika uwanja wa mashujaa wa vita? Wapinzani wa chanjo nao wakaongeza kelele zao. Prince Albert alifariki Desemba 1861. Mwaka 1862 sanamu ya Jenner iling'olewa, ikapelekwa Kensington Gardens. Sanamu ya Napier haikuguswa. Iko palepale hadi leo.

Hebu tupime wenyewe. Jemadari huhesabiwa ushindi kwa maadui waliouawa. Daktari huhesabiwa kwa watu ambao hawakufa. Taabu ni kwamba mtu ambaye hakufa haonekani. Mtoto aliyechanjwa, akakua, akaoa, akalima shamba lake, hajui kama angekufa. Hakuna anayemwonyesha kidole kusema, "Yule pale kaokolewa." Ndiyo maana kazi ya kinga husahaulika upesi kuliko kazi ya vita.

Ndui yafutwa duniani

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuimaliza ndui. Ndui ilikuwa na udhaifu: haikai kwa mnyama yeyote, ni kwa binadamu tu. Tena mgonjwa wake anaonekana wazi. Kwa hiyo ikikosa mtu wa kumwingia, inakwisha.

Watumishi wa afya walitumia sindano yenye ncha mbili, rahisi hata kwa mtu aliyefundishwa muda mfupi. Walikwenda vijijini, sokoni na shuleni wakionyesha picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza, "Mmeona mtu wa namna hii?" Akipatikana mgonjwa, alitengwa, na watu wote waliomzunguka wakachanjwa. Bila wanavijiji kusema walichokiona, kampeni isingefaulu.

Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu hapa Afrika Mashariki. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Aliugua Oktoba 1977, baada ya kupanda gari moja na wagonjwa wa ndui kwa dakika chache tu. Alikuwa hakuchanjwa. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini kwake. Alipokutana na wazazi wenye wasiwasi, aliwasimulia yaliyompata. Alifariki kwa malaria mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo.

Mwaka 1978 ndui ilitoroka maabara moja katika mji wa Birmingham, Uingereza, ikaua mtu mmoja. Kisha ikanyamaza. Tarehe 8 Mei, 1980, mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote. Vijidudu vyake vimebaki katika maabara mbili tu zinazolindwa, moja Marekani na moja Urusi.

Wafugaji nao wana habari yao ya kufurahia. Sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe kwa maelfu na kuleta njaa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, nao ulimalizwa kwa chanjo. Ulitangazwa kwisha duniani mwaka 2011. Hadi sasa magonjwa yaliyofutwa kabisa ni hayo mawili: moja la watu, moja la ng'ombe.

Angalia mkono, angalia kadi

Mtazame mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1970. Huenda mkononi ana kovu la mviringo la chanjo ya ndui. Vijana wengi nao wana kovu begani, lakini hilo ni la chanjo ya kifua kikuu. Siku hizi watoto hawachanjwi ndui kwa sababu ndui haipo tena. Lakini surua ipo, pepopunda ipo, kifaduro kipo.

Kadi ya kliniki ya mtoto imeandikwa jina la kila chanjo na tarehe ya kurudi. Zamani ulilazimika kumwomba mtu akusomee. Leo unaweza kuisoma mwenyewe. Itoe kadi, soma tarehe moja baada ya nyingine. Ukiona nafasi tupu mahali palipotakiwa kujazwa, nenda zahanati ukaulize. Ukisikia uvumi juu ya chanjo, usiunyamazie wala usiueneze. Mwulize mwuguzi, naye ana wajibu wa kukujibu.

Maneno ya kujifunza

Bronzi: mchanganyiko wa shaba na bati.
Kalibu: chombo kinachokipa kitu umbo, kama kile cha kufyatulia tofali.
Nta: kitu laini kitokacho kwenye masega ya nyuki.
Usaha: majimaji mazito ya kidonda au jipu.
Malengelenge: uvimbe wa ngozi wenye maji ndani.
Chanjo: kitu kinachotiwa mwilini ili kuufundisha mwili kupigana na ugonjwa kabla haujaja.
Kuzindua: kufungua au kuonyesha kwa watu mara ya kwanza.
Uvumi: habari inayoenea bila kuthibitishwa.

Hesabu

1. Kutoka James Phipps alipochanjwa (1796) hadi ndui ilipotangazwa kwisha (1980) ni miaka mingapi?
2. Sanamu ilikaa Trafalgar Square tangu 1858 hadi 1862. Ni miaka mingapi?
3. Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei, 1749. Tarehe 14 Mei, 1796, alikuwa na umri gani? Angalia sana tarehe!
4. Bunge lilimpa Jenner pauni ngapi kwa jumla?

Majibu: (1) Miaka 184. (2) Miaka 4. (3) Miaka 46, zimebaki siku 3 atimize 47. (4) Pauni 30,000.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Jesty na Jenner wote walichanja watu kwa ndui ya ng'ombe. Kwa nini mmoja anajulikana zaidi? Je, hapa kijijini kuna maarifa mazuri ambayo hayajaandikwa? Nani ayaandike?
2. Ikiwa mngeambiwa kuweka sanamu moja pale London, mngemweka Jenner, James Phipps, au Sarah Nelmes? Toeni sababu.
3. Onesimus alikuwa mtumwa, lakini alijua jambo ambalo bwana wake hakulijua. Je, sisi tunawasikiliza watu wa hali ya chini wanapotuambia wanayoyajua?
4. Mzazi akikataa chanjo kwa hofu, ni bora atozwe faini au aelezwe? Wewe ungemwambia nini?
5. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya mtu wa kijijini kwenu aliyekinga watu na janga fulani, ambaye hakuna aliyemshukuru. Someni maandishi yenu kwa sauti. Ikiwezekana, na mtu mwenyewe aalikwe asikilize.